Mengineyo

Karani, shusha kalamu kwanza.
Umeandika malaria kwa wino mwekundu,
presha, sukari, kikohozi, jeraha la panga,
kila ugonjwa na safu yake.
Baba yangu umemtia kwenye safu ya mwisho,
nyembamba kama upenyo wa mlango na kizingiti:
"Mengineyo."
Na pembeni, kwa herufi ndogo: "uzee".

Anaitwa Okongo. Miaka thelathini na mmoja
aliinua bendera stesheni ya Tororo,
kijani pita, nyekundu simama,
na hakuna behewa lililogusa jingine katika zamu yake.
Sasa ananiuliza jina langu
kwa adabu, kama anayemwomba abiria tikiti.

Saa nane za usiku hunyanyuka,
huchukua chemli isiyo na mafuta
akaenda kusimama relini, pale nyasi zilipoota,
kungoja garimoshi la mizigo kutoka Malaba.
Nimefunga kengele ya mbuzi kwenye komeo.
Ikilia, niko macho kabla sijaamka.

Wifi yangu alisema ni mkono wa mtu.
Mchungaji akasema tufunge siku tatu.
Tulifunga. Baba akasahau kuwa tumefunga,
akala ndizi zote mbele ya mchungaji.
Nilicheka, Mungu anisamehe,
kicheko cha kwanza tangu mavuno ya mtama.

Kituo chetu kikaandika barua ya Mbale.
Niliuza kuku wanne, na jogoo aliyekuwa saa yetu.
Mbale wakasema daktari wa ubongo huja Alhamisi.
Ilikuwa Alhamisi.
Wakasema: ile nyingine.
Wakaandika barua nyingine, ya Kampala,
na mlinzi wa getini, alipoisoma bahasha,
akanong'ona "Butabika",
akarudi nyuma hatua moja
kana kwamba kusahau kunaambukiza kama surua.

Sasa nina barua tatu.
Zimelowa jasho, zimechanika penye mikunjo.
Zote zinasema "mpokeeni".
Hakuna aliyempokea.

Umeniuliza nataka nini, nikanyamaza.
Si kiburi. Sikuwahi kuulizwa.
Sidai dawa ya kumrudishia miaka;
maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua.
Nataka mtu mmoja, aliyesomea kazi hii,
aje nyumbani hata mara moja kwa mwezi,
anifundishe kumwogesha mwanamume aliyenizaa
bila yeye kulia kwa aibu mle ndani
na mimi kulia nje, nimeinamia ndoo.
Nataka jina la ugonjwa, niwape majirani
wanaomwita mchawi wa reli.
Nataka kulala Jumamosi.

Kule chumbani, sasa hivi, Sista Awor
amempima kwa maswali:
Leo siku gani? Mwaka gani? Uko wapi, mzee?
Baba amemtazama kwa muda mrefu,
viatu vilivyolika kisigino, macho mekundu,
kisha akauliza yeye:
"Binti, nani anakupokea zamu?"
Sista akacheka, akasema hakuna,
yuko peke yake tangu juzi.
Baba akasimama. Akavua kofia.
"Basi usiondoke," akamwambia.
"Sheria ya reli: huiachi bendera
mpaka umwone kwa macho yako anayekuja."
Sista akaandika kitu kwenye kiganja chake,
si kwenye fomu. Sijui ni nini.

Ndiyo hayo, karani.
Kama safu haitoshi, geuza ukurasa.
Andika kwamba mimi ni Nyafwono, binti yake,
mwaka wa nne huu nimeshika bendera,
naangalia upande wa Mbale, naangalia upande wa Kampala,
na chuma cha reli, nikikitegea sikio,
ni baridi.